Mistari Miwili Kanisani

Mimba yangu ya pili haikuwa na mtoto ndani. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Rwambuzi, mjini Bunia, ambao mpaka leo wanangoja kumwona.

Tumbo lilikua haraka kuliko miezi yake. Nilitapika mpaka nikawa natapika maji tupu, kisha damu ikaanza kutoka, na hospitalini wakanilaza kwenye kitanda cha ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo. Daktari aliangalia kioo muda mrefu. Mwishowe akaniambia ni mimba zabibu. Nikamjibu kwamba zabibu nazijua kwenye Biblia tu. Muuguzi aliyesimama pembeni akanihurumia.

"Mama, unajua mayai ya samaki wa kule ziwani? Sasa fikiri mayai ile, lakini ya maji, inajaa mu tumbo pahali ya mutoto."

Nilielewa. Tangu siku ile sijala mayai ya samaki, na nilikuwa nayapenda.

Walinisafisha, nikadhani imeisha. Daktari akasema haijaisha: vile vitu vikibaki hata kidogo vinaweza kuota upya, vikala ukuta wa kizazi, vikapanda mpaka kwenye mapafu. Hapo jina lake ni kansa. Habari njema, akasema, ni kansa inayosikia dawa, ikikamatwa mapema. Ila ili kuikamata mapema damu yangu ilipaswa kupimwa kila juma, na mashine ya kupima kiasi cha homoni inayotolewa na ugonjwa huu haikuwepo Bunia. Damu ilikuwa inatumwa kwa ndege. Mimi sijawahi kupanda ndege. Damu yangu imekwisha kupanda.

Ndiyo maana kulikuwa na utafiti. Walitaka kujua kama mwanamke anaweza kujifuatilia mwenyewe nyumbani kwa vile vipimo vya mkojo vya bei ndogo ambavyo kila farmasi inauza, vya kupima mimba. Ugonjwa huu unatoa homoni ileile ya mimba, na kipimo hakijui tofauti. Kila Jumatatu asubuhi nilichovya kimoja kwenye mkojo mtupu, na kingine kwenye mkojo niliouongeza maji kwa kiasi walichonifundisha. Mstari mmoja maana yake hakuna kitu. Miwili, homoni iko. Na ule wenye maji ukitoa miwili, basi homoni ni nyingi, usingoje. Nilisoma sekondari, seksion ya bioshimi, yaani biolojia na kemia, nina diplome ya leta, cheti cha serikali kinacholala chini ya nguo ndani ya valizi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza masomo yale kunifanyia kazi.

Sharti lilikuwa moja: nisishike mimba mwaka mzima. Mimba ingepandisha homoni, na hakuna ambaye angejua kinachoota ni mtoto au ni kansa. Wakaniwekea mkononi kijiti cha kuzuia mimba. Mume wangu alikuwepo. Alikaa kwenye kiti, akasikia kila neno, akauliza swali moja, akajibiwa. Naomba hilo lishikwe: alikuwepo.

Watu wa utafiti walikuwa wakali sana juu ya siri ya mgonjwa. Vipimo walinipa ndani ya mfuko wa karatasi usio na maandishi yoyote, wakaniambia silazimiki kumweleza jirani wala ndugu. Sikumweleza mtu. Siri yenyewe ilifikiriwa vizuri, upande wa nje wa mfuko. Kilichokuwa ndani, kila mwanamke wa mji huu anakijua, hata yule ambaye hakuingia darasani siku moja.

Basi mama mkwe akafika kutoka Boga kunisaidia kazi, kwa sababu nilikuwa bado dhaifu na binti yetu ni mdogo. Mume wangu alikuwa amemwambia tu kwamba mimba imeharibika. Neno kansa halikuwahi kutoka kinywani mwake. Mama yule ni mtu wa sala. Jumapili ya kwanza alisimama kanisani, kule Nyakasanza, akaomba kanisa liombee tumbo la mke wa mwanawe. Kwa hiyo kanisa zima likajua nina tumbo lenye matatizo, na mimi nikajua kwamba limejua. Na kanisani kwetu, mtu aliyeombewa hakai kimya. Akipata jibu, lazima arudi mbele atoe ushuhuda.

Majuma yalienda vizuri. Mstari wa pili ulififia, ukawa kama alama ya kalamu ya risasi, ukapotea. Nilianza kula. Nilianza hata kugombana na wauza nyanya, ambayo kwangu ni dalili ya afya.

Kisha Jumatatu moja mistari ikawa miwili. Niliiangalia nikiwa nimechuchumaa bafuni, nikaigeuza kwenye mwanga, nikaingoja ibadilike. Haikubadilika. Nilimpigia muuguzi. Akasema daktari wa ekografi yuko safarini, anarudi Jumatatu inayokuja, nije na vipimo vipya. Nikamwambia mume wangu: "Imerudi." Akashika shavu. Akasema, "Tungoje." Akaenda sokoni, maana anauza dawa za ng'ombe na ilikuwa siku ya wateja.

Kile kipimo nilikiacha juu ya tofali la bafuni. Mama mkwe ndiye anayefagia bafu.

Hakuniambia kitu. Juma lile alinipikia vizuri mno, akanikataza kubeba ndoo, akawa anaimba. Nilidhani amenihurumia. Kumbe alikuwa amemuuliza mwanawe kama nina mimba, na mwanawe alicheka tu, kile kicheko cha mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana.

Jumapili akavaa kitenge kipya. Ulipofika wakati wa ushuhuda alikuwa wa kwanza kwenye maikrofoni.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bamama, mulinisaidia kuomba. Niliwaambia tumbo ya bibi ya mutoto yangu iliharibika. Sasa mi nimeona na macho yangu. Nimeshika na mukono hii. Mistari mbili!"

Vigelegele. Hakuna aliyeuliza mistari ya nini. Mama mmoja nyuma yangu alinipiga begani kwa furaha mpaka nikasogea mbele. Wanakwaya wakaanza kucheza. Na hapo, upande wangu wa kushoto, mtu aliyekaa kwenye kiti siku ile, aliyesikia kila neno, akasema kwa sauti ya chini:

"Amina."

Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama, nikaifuata.

"Mama, keti. Haiko mimba. Iko ugonjwa. Inaweza kuwa kansa, kesho naenda kuangaliwa. Bwana yangu anajua yote, alikuwapo siku walisema."

Mpiga kinanda, ambaye nadhani hakusikia, aliendelea kidogo peke yake. Kisha naye akaacha. Mama wa nyuma yangu akaninong'oneza:

"Usitamke vile, mama. Ulimi iko na nguvu."

"Kipimo nayo iko na nguvu," nikamwambia.

Mchungaji akasema tusimame tuimbe. Tukaimba. Nimesikia baadaye kwamba nilivunja ibada. Ibada ile iliendelea mpaka saa saba, kwa hiyo sijui niliivunja upande gani.

Njiani kurudi nyumbani mama mkwe alitangulia na mtoto, bila kugeuka. Mimi nilitembea na mume wangu.

"Papa ya mutoto, juu ya nini ulisema Amina?"

"Watu wote walisema Amina."

"Weye haiko watu wote."

"Mama alikuwa na furaha. Tangu ile mimba iliharibika sikumuona anacheka. Nilitaka nimuache hata juma moja tu."

"Na tumbo ingekataa kukua, ungemwambia nini? Mutoto amechelewa njiani?"

Tukavuka barabara, kisha akasema:

"Labda kweli iko mimba. Kijiti ya mukono nayo inakosea."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anamficha mama yake peke yake. Mtu ambaye kutwa nzima anawaambia wafugaji wasiache dozi katikati, wasidanganywe na ng'ombe anayekula vizuri siku mbili, alikuwa amekaa anangoja kansa igeuke mtoto. Nikamwambia kama iko mimba, hiyo dawa ya kansa siwezi kupewa, na kama iko kansa na tunaiita mimba, atabaki na kitenge kipya cha mama yake na mtoto mmoja asiye na mama. Achague anachotaka kuombea. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilifika nyumbani mbele ya mama mkwe.

Asubuhi nilipima. Hata mkojo wenye maji ulitoa mistari miwili.

Mama mkwe hakuwa amesema nami neno tangu kanisani, lakini moto, pikipiki ya kukodi, ilipofika kunichukua alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Aliita moto yake mwenyewe. Mume wangu akaja na ya tatu. Tulifika hospitalini kama msafara wa arusi isiyo na muziki.

Daktari aliniuliza kama mama anaweza kuingia. Nilisema aingie. Nililala, wakanipaka ile dawa baridi tumboni, nikaangalia dari. Nadhani katika chumba kile mimi peke yangu niliomba tumbo liwe tupu. Kama pangekuwa na kitoto mule, kidogo kama punje, watu wote wangefurahi, na hakuna ambaye angeweza kunitibu bila kukiua, wala kuniambia ni nini kingine kinachoota pembeni yake.

"Hakuna mtoto," daktari akasema.

"Angalia tena, munganga," mama mkwe akasema. "Watoto ya kwetu wanajificha."

"Nimeangalia, mama."

"Hata upande ule?"

Akaangalia upande ule. Kisha akamwonyesha kwenye kioo kifundo kidogo ndani ya ukuta wa kizazi, kilichozungukwa na damu inayokimbia.

"Sasa ile kitu inakula nini mule ndani?"

"Inamukula yeye," daktari akasema, na akanionyesha mimi kwa kidole.

Mama mkwe akakaa chini, sakafuni, kitenge na yote. Kisha akaniuliza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema nami tangu jana yake:

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Na yeye?"

"Muulize mutoto yako, Mama. Iko pale koridori."

Akainuka, akatoka. Alimsemesha kwa lugha yao ya Boga, kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa chumba cha pili waliacha kukohoa. Lugha ile naielewa kidogo. Nilitambua neno la mjinga, likarudiwa, nikatosheka nalo.

Walipiga picha ya mapafu, yalikuwa safi. Damu ikapanda ndege tena, na jibu likarudi kama daktari alivyodhani. Nikaanza sindano. Kuhusu sindano zile sina mengi: mdomo ulijaa vidonda, nikawa nakunywa uji wa baridi, nikawa mkali zaidi kuliko kawaida yangu, ambayo si ndogo. Mume wangu alinipeleka kila mara. Alikaa kwenye kiti kilekile. Nilimwacha akae.

Siku moja watu wa utafiti walinihoji. Waliuliza kama kupima nyumbani ni rahisi. Nikasema kupima ni rahisi, kipimo kilinikamatia ugonjwa mapema, wakigawe kwa wanawake wote. Lakini mwanamke akikubali, siku ileile ya kwanza waite watu wote wanaolala naye nyumba moja, wawakalishe, wawaambie kwa Kiswahili kwamba hapa mistari miwili si mtoto. Muuguzi akasema wazo zuri, litaandikwa. Nikamwambia aandike nikiwa pale. Akaandika.

Mistari ikafifia tena. Jumatatu ya kwanza ya mstari mmoja nilimwonyesha mume wangu, akakimbilia telefone. Mama yake alikuwa amesharudi Boga. Nikamnyang'anya. Nilimwambia daktari anataka kuuona mstari mmoja juma kwa juma kabla ya kusema kitu, na safari hii mimi ndiye nitakayesema. Alitembea na habari ile kama mtu aliyemeza jiwe, na hakumwambia mtu. Nilimchunguza.

Daktari aliposema sasa tunaweza kuacha sindano, niendelee tu kufuatiliwa, nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni, nikampigia Boga.

"Mama, ugonjwa imeenda."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Imeenda kabisa?"

"Imeenda. Wataniangalia tu mwaka yote. Na kijiti inabaki mu mukono."

Nilijua anachotaka kuuliza, nikajiandaa kugombana naye.

"Na mutoto?" akauliza.

"Mutoto iko mumoja, Mama. Iko hapa mbele yangu, anakula kiazi ya moto, anajiunguza mudomo."

"Sasa unasema na mimi ya nini?" akasema. "Mupulizie."

Nikaweka telefone chini, nikampulizia.