Harufu ya Klachi Mpya

Siku ile uani kwa fundi tulikuwa sita: fundi mwenyewe, baba mkubwa, shangazi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho wa kike, na mimi, dada yao. Katikati yetu ilikuwa pikapu ya marehemu baba, imepandishwa juu ya magogo upande wa nyuma, kama ng'ombe anayetibiwa kwato.

Wote hao walinirudia akilini juzi. Nilikuwa napanda mlima nyuma ya lori la mchanga, na harufu ya klachi yake ikaingia ndani ya gari. Mwanangu akaziba pua. Mimi nikashusha kioo hadi chini.

Baba alikuwa akibeba samaki wabichi kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, kwenda Shinyanga. Barafu haimsubiri mtu, kwa hiyo alikuwa ameifunga pikapu yake difu ya mbio, ile gia ya ekseli ya nyuma inayotafuta kasi kuliko nguvu. Kwenye lami tambarare ilikwenda kama imetumwa, lakini kwenye vilima vyetu vya mawe, ikiwa na mzigo, ililia, ikatetemeka, ikasimama. Jioni tuliisikia ikiwa bado mbali, kule Mirongo. Mama alikuwa akisikia mlio huo ndipo anabandika kikaango, maana baba hakurudi bila sato wawili watatu waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Mafuta yakianza kuchemka, na breki zinalia mlangoni.

Mama alitangulia. Baba akamfuata kabla udongo wa kaburi la mama haujashuka. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nimuuguze baba.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa kikao. Ikasemwa tugawanywe: mimi kwa baba mkubwa, mdogo wangu wa kiume kwa mjomba, wa mwisho kwa shangazi kule Sengerema. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema watu wanajenga juu ya vilima kila siku, na wanatafuta gari la kuwapandishia mchanga na saruji. Tuachiwe pikapu, tutakula kwa jasho letu.

Baba mkubwa akacheka kidogo. "Gari lile la kukimbiza samaki? Litapanda wapi?"

"Tutalibadilisha, baba mkubwa."

Akaweka sharti: "Haya. Nikiliona kwa macho yangu linapanda na mzigo, mtabaki pamoja wote watatu. Lisipopanda, usinililie."

Ndiyo maana tulikuwa pale. Fundi alikuwa rafiki wa baba, na hakutaka hela. Alichukua difu ya mbio, akatupatia ya mlima aliyoitoa kwenye gari bovu. Klachi tuliinunua kwa cherehani ya mama.

Kabla ya kufungua chochote fundi alichora alama za chaki, moja kwenye kila tairi na moja kwenye propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Akanipa tairi la kulia, mdogo wangu akampa la kushoto. Wa mwisho akaambiwa alale chini kwenye gunia, aikodolee macho ile chaki ya propela.

"Wewe ndiye karani. Hawa wakizungusha tairi mara moja, wote pamoja, niambie propela imezunguka mara ngapi."

Tukazungusha. Sauti yake nyembamba ikatoka chini ya gari: "Moja... mbili... tatu... na kipande!"

"Hiyo ndiyo mbio ya baba yenu," fundi alisema, akaanza kufungua boliti.

Shangazi alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, tukala mikono ikinuka grisi. Klachi ya zamani ilipotoka ilikuwa imeisha hadi kwenye misumari. Difu mpya ilipofungwa tukazungusha tena, na karani wetu akapiga kelele: "Nne... tano kasoro!"

"Sasa hii inakwenda pole pole, lakini inavuta," fundi alisema.

"Kama wewe, fundi," mdogo wangu akadakia.

"Mtoto huyu! Ndiyo, kama mimi. Umewahi kusikia nimekwama?"

Hata baba mkubwa alicheka. Fundi alipofuta mikono akageukia kwangu. "Leo usiibebeshe. Klachi ikiwa mpya hutoa harufu mpaka izoee. Ipe siku chache."

"Mimi naondoka leo," baba mkubwa alisema. "Kivuko hakinisubiri. Ni leo au basi."

Tukapakia mchanga mbichi mpaka springi zikalala. Baba mkubwa akakaa pembeni yangu. Kilima cha nyuma ya gereji kina kona moja mbaya kati ya mawe mawili makubwa, na hapo hapo mama mmoja mwenye ndoo kichwani akakatiza. Nikasimama. Nikaishikilia pikapu kwa klachi, nikaachia taratibu kama baba alivyonifundisha, ikashika. Ikapanda. Haikulia, haikutetemeka. Kule juu niliona ziwa lote, nikataka kupiga honi.

Ndipo harufu ikaja.

"Imeungua," baba mkubwa alisema.

"Ni upya wake, baba mkubwa."

"Mimi nimepanda malori kabla hujazaliwa. Lori likinuka hivi, abiria tunashuka, tunatembea."

Tuliporudi chini, fundi alimsihi mpaka akavua kofia. Haikusaidia. "Sikatai, limepanda," baba mkubwa alisema. "Lakini gari lenye harufu hii halilishi watoto watatu. Wawili, labda."

Shangazi hakuwa na mtoto, wala hakuwa mtu mbaya. Alimfunga mdogo wetu kitenge mabegani, maana upepo wa ziwani ni mkali. Kabla hawajaondoka mtoto alinivuta sketi. "Dada, harufu ikiisha, utanifuata?"

"Ikiisha nitakufuata."

Iliisha kabla ya Jumapili. Nikavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga. Nikamkuta amevaa sare mpya ya shule, shangazi amemshika mkono mlangoni, na macho ya shangazi yakiniomba kile ambacho mdomo wake haukuweza. Nikaambiwa nisubiri likizo. Likizo ilipofika, baba mkubwa akasema mtoto si debe la kubebwa huku na huku. Klachi ile ilitubebea mchanga hadi mdogo wangu wa kiume akamaliza shule. Fundi amekwisha kufa, ua wake umejengwa maduka, na nyumbani kwetu hakuna tena anayesikiliza gari ndipo abandike kikaango.

Mwaka jana tulimzika shangazi. Mdogo wetu wa mwisho alikaa mkekani kama mtoto wa marehemu, akipokea pole. Mimi nilipanga foleni na wageni kutoka mjini. Zamu yangu ilipofika nikamshika mikono yote miwili, na nililokuwa nimelikusudia njia nzima, kumwomba radhi kwa ile ahadi yangu, likagoma kutoka.

"Pole sana kwa msiba wa mama," nikasema.

"Asante, dada. Shikamoo. Mmevuka salama?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri, nikasogea. Hajawahi kunidai. Neno langu bado liko kwake, na sijalikomboa.