Mashine ya Dada Yake

Pale ofisi ya maji walimwita Bwana Kesho, na jina lenyewe alijitakia. Ukimfuata na kompyuta iliyogoma, hata hajaigusa, keshakujibu: "Kesho." Basi unarudi mezani kwako unanung'unika, na kabla hujamaliza kunung'unika unakuta imeshapona. Alisema kesho ili watu wasimsimamie, maana hakuna kitu alichokichukia kama mtu wa kumwinamia begani huku akiuliza, "Eti ni virusi?" Jambo moja tu ndilo alilolisogeza kesho kwelikweli, na hilo ndilo lililomvunja.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, karani wa masjala katika ofisi hiyohiyo. Yeye ndiye aliyepokea maombi ya watu wanaotaka kuungiwa maji, na alikuwa na mdomo, huyo! Mteja akija juu, anamwambia, "Mzee wangu, hasira hazijazi ndoo," na mzee anacheka bila kupenda. Alipougua, na ugonjwa ulipoonyesha kwamba haukuja kutembea, akaanza kubaki masjala wenzake wakitoka. Anafunga mlango, anavaa hedifoni, anazungumza na kompyuta. Kaka mtu alidhani anapiga soga na mashoga zake, mpaka siku alipomwita.

"Kaka, humu ndani ya kompyuta nimemrekodia mwanangu maneno. Nyumbani siwezi, Mama akinisikia atalia. Usimpe sasa, bado mdogo. Siku ukiona ameanza kunisahau, mpe."

"Hatakusahau."

"Acha ujinga. Watoto wanasahau. Niahidi."

Akaahidi. Hazikupita siku nyingi, wakamzika.

Binti yake akabaki kwa bibi, na mjomba akawa anapita pale kila jioni kabla ya kwenda kwake. Kule kazini ile kompyuta ya masjala ilizimwa, ikafunikwa kitambaa, na karani mpya akapewa nyingine. Kunakili zile sauti kwenye flashi, kwa fundi kama yeye, ni kufumba na kufumbua. Lakini kila alipoingia masjala na kushika ncha ya kitambaa, aliiachilia. Makaburini hakulia. Alikuwa ndiye mwenye kupanga viti na kuwaonyesha wageni njia. Ila sauti ya dada yake akimwita mtoto, hiyo hakuiweza. Anajiambia kesho, anatoka. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na huo nao ukapita. Msimcheke jamani. Wako watu wana nguo za marehemu ndani ya sanduku mpaka leo, na ufunguo wanao.

Jioni moja yule binti alikuwa mezani anafanya hesabu za shule. Bila kuinua kichwa akauliza, "Mjomba, Mama alikuwa anacheka vipi?"

"Vipi tena? Si alikuwa anacheka kwa nguvu, mpaka majirani wanauliza kuna nini?"

"Nikijaribu kumsikia, nasikia sauti ya mwalimu wangu."

Siku aliyoambiwa ndiyo hiyo imefika, na wala haikupiga hodi. Akavuta kiti, akamweleza kwamba mama yake alimwachia maneno, aliyasema mwenyewe kwa mdomo wake, na yametunzwa ofisini. Mtoto akaangusha kalamu.

"Yangu? Yangu peke yangu?"

"Yako peke yako. Kesho nikitoka kazini naja nayo."

"Kesho ya kweli au ya ofisini?"

Hata bibi mtu, huko jikoni, alicheka.

"Ya kweli, mama," akasema mjomba.

Sasa, kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya msako. Mkuu wa ofisi alikuwa amechoka na wafanyakazi waliokuja na kompyuta zao za nyumbani, wakazichomeka kwenye mtandao wa ofisi, zikamwaga virusi mpaka bili za wateja zikavurugika. Aliwaonya, wakaona ni maneno tu. Akatoa amri: mashine yoyote iliyochomekwa humu na si mwanachama wa mtandao wa ofisi, ifutwe kabisa, iwekwe upya. Kupita mlango kwa mlango kuzikagua kungechukua wiki nzima, kwa hiyo Bwana Kesho akaandika skripti, yaani mistari michache ya amri ambayo kompyuta yake ingeitekeleza yenyewe. Skripti ingeifuata kila mashine iliyowashwa na kuiuliza: wewe ni wa mtandao gani? Ikitaja jina la ofisi, inaachwa. Vinginevyo, inafutwa. Aliijaribu kwa mashine yake, ikaambiwa ni mwanachama. Akaijaribu kwa ile ya mhasibu iliyotoka nyumbani, ikaambiwa ni mgeni. Akaridhika, akajiona mjanja kidogo, na kwa kweli kazi ilikuwa safi.

Asubuhi karani mpya wa masjala akampigia simu. "Umesema tuwashe zote. Hata hii ya marehemu?"

Angesema hapana tu! Neno moja!

"Washa, haina neno. Hiyo niliiunga mwenyewe kwenye mtandao, kwa mikono yangu. Ni ya humuhumu."

Na hakukosea, ndicho kinachouma. Ilikuwa ya humuhumu. Lakini ndani ya kila kompyuta mna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Ya dada yake ilikufa zamani, huko chini ya kitambaa. Mashine ikaamka ikidhani bado ni miaka mingi nyuma. Na seva, ile kompyuta kuu inayowatambua wanachama, haimpokei ambaye saa yake imeachana sana na yake. Ni kanuni ya usalama, na fundi aliijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Basi mashine ikaulizwa wewe ni wa wapi, ikaenda kuthibitisha, ikakataliwa, ikarudi kimya. Na kimya si jina la ofisi. Bwana Kesho alikuwa ameandika njia mbili, ya mwenyeji na ya mgeni. Ya asiyeweza kujibu hakuiandika. Wee, fundi mzima!

Alikuwa anakunywa chai wakati inafutwa. Aliporudi mezani akapitisha macho kwenye majina ya mashine zilizofutwa, akakutana na ile ya masjala, akashuka ngazi mbio mpaka kiatu kikamvuka. Alimkuta karani amesimama mbele ya skrini, uso umemchangamka.

"Imekuwa mpya kabisa," karani akamwambia. "Sasa inauliza nataka lugha gani."

Alijaribu kila dawa aliyoijua. Aliitoa diski, akaiunga kwenye mashine nyingine, akaipekua tangu mwanzo hadi mwisho, ikawa ni sifuri tupu. Amri ya kufuta aliiandika yeye, na aliiandika vizuri mno, isibakize kitu. Seva nayo ilihifadhi nakala za nyaraka za ofisi tu, si mambo ya mtu binafsi. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata wenye ofisi ya maji hawana ujanja hapo. Akakaa sakafuni, kati ya makabati ya mafaili, akalia kwa sauti, kilio chote alichokibana siku ile ya makaburini. Karani akatoka taratibu, akafunga mlango, akawaambia wateja masjala imefungwa kidogo.

Jioni alimkuta mtoto kibarazani. Amechana nywele, amevaa gauni lake la kutokea.

"Umekuja nayo?"

Mjomba akaketi kwenye ngazi, ili macho yao yalingane. Njia nzima alikuwa ametafuta uongo wa kumwambia, na uongo alikuwa nao, lakini alipomwona na lile gauni alishindwa.

"Yamefutika, mama. Mimi ndiye niliyeyafuta. Sikukusudia, lakini ni mimi."

Mtoto aliitazama mikono mitupu ya mjomba. Kisha uso ukamng'aa, amepata njia.

"Basi niambie wewe. Alisemaje?"

"Sijui."

"Kidogo tu. Alianzaje?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kuyasikiliza."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Niliogopa."

Akamtazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika, angempiga hata na ngumi zake zile ndogo.

"Mimi nisingeogopa," akasema, akaingia ndani kuvua gauni.