Niliagwa Jumapili, leo niko sokoni Kianjai

Ndiyo, yule mliyemwona leo Kianjai akichagua viazi ni mimi.

Jumapili kanisa liliniombea safari ya Ujerumani, kazi ya kutunza wazee. Mbuzi wetu wa nyumbani akachinjwa. Shangazi akaninunulia sanduku kubwa jekundu. Visa ilikuwa bado, lakini tulisema kwa imani imeshatoka.

Jana barua pepe ikaja. Wameninyima.

Sasa leo sokoni, mama mmoja wa kwaya, aliyelia Jumapili kumshinda mama yangu mzazi, akanishika mkono.

"Haki Kagwiria, si wewe uko Ujerumani?"

Watu wakageuka. Hata muuza viazi akaacha kupima.

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Visa wamekataa, mama. Naomba tena."

Akanipa pole. Halafu akaninong'oneza: "Na lile sanduku? Msichana wangu anaenda chuo mwezi ujao..."

Jamani! Hata viazi sijalipia!

Niambieni kama nimekosa, lakini sanduku halitoki kwangu. Limeshapangwa, liko kando ya mlango, na sitoi ndani hata soksi moja.

Mkija kuniaga tena, mbuzi mlete nyinyi.