Mzee Kipupwe Alizaliwa Wapi

Katuni ya kwanza niliyoisoma haikuwa na jalada wala mwisho. Baba aliniletea kutoka Tunduma, alikokuwa akipakia na kupakua mizigo ya malori, akasema aliikuta imetumika kuzungushia vikombe ndani ya boksi. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha shule ya msingi kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Nikaisoma kwa macho. Steringi alikuwa anaruka juu ya maghorofa. Adui yake alikuwa na uso mrefu na alicheka kila ukurasa, hata alipopigwa. Kwa nini alikuwa mbaya sikujua. Kama maelezo yalikuwepo, basi yalikwenda na zile kurasa zilizochanika. Wala sikuyatafuta. Kwangu adui alikuwa adui, kama mbigili ilivyo mbigili.

Wakati huo niliishi Ruanda, kijiji cha huku kwetu Mbozi, kwa mjomba, kaka yake mama. Wazazi wangu walikuwa wamepanga chumba kimoja Tunduma, mpakani pale, wakaona heri nisome huku mashambani penye nafasi na utulivu. Mjomba alilima kahawa na mahindi. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache, na alivaa koti la mitumba lililomfika kwenye ugoko, jua au mvua. Hakunipiga hata siku moja. Lakini alikuwa na tabia moja iliyotutia uchungu sisi watoto wote wa nyumba ile: alikuwa anazima moto.

Mtu asiyeijua Mbozi mwezi wa sita anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Sisi tulimaliza kula, tukasogea kwenye mafiga, mahindi ya kuchoma mkononi, hadithi ndiyo kwanza inaanza, na mjomba akaingia jikoni na kata ya maji. Chwaa! Mvuke, majivu, giza. Kisha akakizima na kibatari kwa vidole viwili, akatuhesabu kwa kutugusa vichwa, akatupeleka kulala. Ilikuwa hivyo kila jioni.

Jioni moja nilikuwa nachora kwa mwanga wa moto ule. Nilikuwa nimebuni steringi wangu mwenyewe, msichana anayetoa moto kwenye ncha za vidole, jina lake Dada Cheche. Ilibaki mkono mmoja tu. Mjomba akaingia na kata yake.

"Mjomba, naomba nimalizie mkono," nikasema.

"Mkono utaukuta kesho."

"Ni mmoja tu, mjomba."

"Moto haumsubiri mtu, mwanangu." Akamwaga. Majivu yaliruka yakatua kwenye daftari langu, na Dada Cheche akapata madoa usoni kama mgonjwa wa surua.

Nililia kwa hasira. Kesho yake shuleni, wenzangu wakicheza rede, mimi nilikaa nyuma ya darasa nikamchora adui. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la ukungu linaloburuta chini, na kata mkononi. Alikuwa akipita kijiji hadi kijiji akizima mioto ya watu ili watetemeke. Nikamwita Mzee Kipupwe. Sikumpa mama, wala kwao, wala sababu. Nilimpa pua ya mjomba.

Nilipomaliza darasa la saba nilirudi Tunduma kwa wazazi. Nikajifunza kusuka kwa mama mmoja aliyekuwa na subira kuliko mikono yangu, na baada ya miaka kadhaa nikafungua saluni yangu, chumba kimoja karibu na barabara ya malori. Kusuka rasta ndogondogo kunakula siku nzima, na wanaosubiri zamu wanachoka, na mteja aliyechoka anakwenda kwa jirani. Basi nikaweka mezani daftari la kaunta lenye katuni za Dada Cheche. Lilikwisha nikaweka la pili, kisha la tatu. Nilikuwa nachora asubuhi kabla wateja hawajafika.

Niseme ukweli: waliokuja kusoma hawakuja kwa ajili ya Dada Cheche. Dada Cheche alikuwa mwema, anashinda, basi. Waliyemtaka ni Mzee Kipupwe. Palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Nakonde, upande wa Zambia, tuliyezoea kumwita Bamayo, yaani mama, kama wenzake walivyomwita. Alikuwa akivuka kuuza vitenge, na kabla hajatua mzigo ananisalimu kwa lugha ya kwao na kuuliza, "Mulishani, mwanangu! Huyu mchawi wa baridi amefanya nini wiki hii?" Mara nyingine alisomewa kwa sauti, akampigia kelele yule mzee kama yuko chumbani. Alimchukia kwa furaha kubwa.

Siku moja mjomba akaja Tunduma kununua mabati. Alipita saluni kunisalimu huku akisubiri gari la kumpeleka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi, mimi nitakaa hapa."

Akakaa. Akatoa miwani mfukoni mwa lile koti. Akanyoosha mkono mezani akachukua daftari la kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Bamayo, nywele zimegawanyika nusu, rasta mdomoni, na siwezi kuacha. Nikajaribu kusema, "Mjomba, hizo ni za watoto tu," lakini alikwishafungua. Alisoma kama anavyochambua kahawa, punje kwa punje. Akamaliza la kwanza akachukua la pili. Wateja wawili walikwishaangalia pua iliyo kwenye karatasi na pua iliyo juu ya karatasi. Bamayo naye akageuza shingo, rasta ikanikatika mkononi.

"Iyee!" akasema. "Baba, mbona mnafanana na huyu mbaya wetu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba alilisoma la tatu mpaka mwisho, akavua miwani, akanitazama.

"Huyu mzee alizaliwa wapi?"

"Hakuzaliwa, mjomba. Alikuwepo tu."

"Hakuna mtu aliyekuwepo tu," akasema. "Huyu binti wa moto umemwandikia mama, umemwandikia bibi, mpaka mbuzi wake ana jina. Huyu mzee unamtembeza kurasa zote hizi hana hata kwao. Kwa nini anazima moto?"

"Kwa sababu ni mbaya," nikasema, sauti yangu ndogo.

Mjomba akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kifua kizima. Kisha akaanza kusimulia, kwa utulivu, mbele ya watu wote wale, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yote niliyokaa kwake.

Alipokuwa mtoto, nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na walilala humohumo jikoni kwa ajili ya joto. Jioni moja ya baridi wazazi walikwenda msibani kijiji cha pili. Walimwambia azime moto kabla ya kulala. Alikuwa na baridi, akaona auache kidogo. Alipoamka paa lilikuwa linawaka. Akamnyakua mdogo wake aliyekuwa amelala pembeni, akatoka naye, na baada ya muda mfupi nyumba ikaanguka.

"Huyo mdogo wangu," akasema, "ndiye mama yako."

Nje lori lilikuwa linapiga honi.

"Tangu siku hiyo sijaweza kulala nikijua pana moto chini ya nyasi," akamalizia. "Lakini ule mkono mmoja ningekuacha uumalizie. Ningesimama nikusubiri. Hilo nilikukosea."

Kumbe alikumbuka. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebeba jioni ile. Nilitaka kusema samahani, nikajikuta nalia kichwani kwa mteja, na mteja naye analia, na mjomba anatafuta gari lake la mabati kwa macho, maana machozi ya wanawake wanne katika chumba kimoja yalimshinda. Mabati yale yalikuwa ya kuezekea jiko. Alikuwa ameyawekea akiba kwa misimu mingi ya kahawa.

Jioni nilimwendea mama nyumbani nikamuuliza kama ni kweli.

"Kweli kabisa," akasema huku akichambua mboga. "Akanitoa, akaniweka chini ya mgomba, akarudi ndani kuchukua kuku."

"Kuku?"

"Alikuwa ameagizwa kumlinda kuku. Alitoka naye nyusi zote zimeungua. Kuku aliishi miaka mingi."

"Sasa mama, miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," akajibu mama, akaendelea na mboga zake.

Nilichukua wiki mbili kuichora historia ya Mzee Kipupwe. Nilimchora mtoto mwembamba bila nyusi, mdogo wake mgongoni, kuku kwapani. Nilichora jinsi alivyoapa kwamba hakuna nyumba itakayoungua tena, na jinsi kiapo kilivyokua kikampita kimo, mpaka akawa anazima hata mioto isiyomdhuru mtu. Nilipoiweka mezani, saluni ilijaa. Wengine walifurahi. Bamayo alikasirika.

"Umeniharibia," akasema. "Sasa nitamchukia nani? Namtazama namuona na kuku wake!"

Nami nilikuwa na shida hiyohiyo, kwa sababu nilipanga sasa Mzee Kipupwe atubu, ashikane mkono na Dada Cheche, tufunge hadithi. Nikampelekea mjomba daftari Ruanda anipe baraka. Tulikaa jikoni kwake chini ya mabati mapya. Akasoma mara mbili.

"Kuku alikuwa mwekundu," akasema kwanza. Kisha akasema, "Usimfanye mwema. Mtu anaweza kuwa na sababu na bado akawatesa watoto wa watu kwa baridi. Mwache aendelee kuzima, na binti aendelee kuwasha. Ila sasa wanajuana."

Nikamtii. Vita vyao viliendelea miaka mingi baada ya hapo, na vilikuwa vizuri zaidi, kwa sababu Dada Cheche alilazimika kufikiri kabla ya kupiga. Mjomba akawa ananitumia ushauri kwa kila aliyekuja Tunduma kutoka Ruanda: koti liwe na kiraka kiwiko cha kushoto, mzee asikimbie kama kijana, magoti yanamuuma.

Daftari moja Bamayo aliliazima akavuka nalo Nakonde. Likakaa miezi huko, nikalihesabu limepotea. Siku aliyolirudisha nilikuta kurasa zangu tupu za nyuma zimejaa. Binti yake, aliyekuwa sekondari, alikuwa ameendeleza historia: Mzee Kipupwe kijana, anachumbia, anaoa. Alichora vizuri kuliko mimi, hasa mikono, ambayo mimi ilinishinda siku zote. Nilimwita avuke. Tukaelewana hapohapo kwamba yeye atachora nyuso na mikono, mimi nitapanga kisa na maneno, na tulifanya hivyo mpaka alipokwenda chuo.

Mjomba alipoonyeshwa harusi ile alivaa miwani akaitazama kwa muda mrefu.

"Mke mwenyewe mfupi hivi?" akauliza.

Mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma yake, mfupi wa kumfika kifuani, akaliinamia daftari, akalitazama, akasema huyu mwanamke ni mzuri sana, na aliyemchora apewe debe la mahindi.