Shimo Nyuma ya Jiko

Juzi nilirudi kijijini Kyimo kuiona nyumba ya babu, na nyuma ya jiko nikalikuta lile shimo, limejaa majani makavu na maji ya mvua.

Mchana lilipochimbwa nilikuwa bado mtoto, niko kitandani na homa. Nilisikia jembe, kisha harufu ya udongo mbichi ikaingia dirishani. Nilipochungulia, babu alikuwa anachimba shimo fupi, la urefu wangu, akalitandika majani ya mgomba. Wiki hiyo tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani migombani kwao, na shimo lake lilikuwa kama hilo.

Nilitoka nje, nikaanza kurukaruka mbele yake. "Babu, nimepona."

"Umepona wapi, na unatetemeka hivyo? Rudi ukalale."

Sikurudi. Niliendelea kuruka huku nalia, mpaka bibi alipofika na mkungu wa ndizi kichwani, akaushusha shimoni. Walikuwa wanavundika ndizi.

"Zikiiva utakula wewe," alisema bibi. "Sasa unalia nini?"

Siku hizi kila ninachokiona nakihoji kabla ya kukiogopa. Lakini juzi, kabla ya kuondoka pale shimoni, nilitazama huku na huku, nikaruka kidogo.