Tundu la Saba Lipite Kwanza

Soko huria limetuletea duka la intaneti karibu na stendi ya Korogwe. Juzi nilimkuta humo bibi mmoja kutoka Handeni, aliyesubiri tangu asubuhi kuona picha ya mjukuu wake aliyezaliwa Ulaya. Picha haikufunguka, maana vijana kwenye kompyuta nyingine walikuwa wakipakua miziki na kuumaliza mtandao wote.

Fundi, dada mmoja mpole, alikuwa anafunga swichi mpya, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote.

“Shikamoo bibi. Umekaa kwenye kompyuta ipi?”

“Marahaba mwanangu. Hii ya dirishani.”

Dada akaufuata waya kwa kidole mpaka tundu la saba la swichi, kisha akaiandikia swichi amri: tundu hilo lipite kwanza, mengine yasubiri.

Picha ikaanza kushuka polepole: paji la uso, macho, pua. Bibi akasimama.

“Pua ya babu yake kabisa!”

Akapiga kigelegele. Vijana, ambao miziki yao ilikuwa imekwama, wakampigia makofi.

Nimepanga foleni nyingi, benki na hospitali. Huko sijawahi kuona mtu akipitishwa mbele, na waliopitwa wakashangilia.