Chumba Kimoja

Jeli wanayonipaka tumboni ina ubaridi uleule, na najua kitakachofuata: sauti ya mashine itakwaruza kidogo, kisha upepo utaanza.

Upepo huo niliusikia mara ya kwanza nikiwa mdogo, nimesimama kando ya kitanda cha hospitali, nimemshika mdogo wangu mkono. Midomo yake ilikuwa siku zote kama ametoka kula zambarau. Daktari alipomwekea kifaa kifuani, damu yake ikasikika ikivuma kama upepo wa Dodoma kwenye bati.

"Nyekundu inakuja, bluu inaondoka," alituonyesha damu kwenye kioo cha mashine. Kisha akamgeukia mama, akapunguza sauti. "Moyo wake una chumba kimoja tu kinachosukuma damu. Nacho kimechoka."

Aliyejibu ni mdogo wangu.

"Hata sisi kule Msalato tumepanga chumba kimoja, daktari. Tuko wanne na tunatosha."

Daktari hakucheka. Alichukua karatasi akaanza kumfuta jeli taratibu, akaendelea kufuta hata ilipokwisha.

Leo mpimaji ananitazama, anatabasamu. "Moyo wa mtoto uko sawa, mama. Vyumba vyote vinne vipo."

Namwomba ahesabu tena.